Simu Ambayo Waziri wa Sweden Haruhusiwi Kuipiga

Tarehe 28 Juni 2023, siku ya Idi kubwa, mtu mmoja alisimama nje ya msikiti mkuu wa Stockholm na kuuchoma moto Msahafu, polisi wakiwa wamesimama pembeni. Wiki tatu baadaye, ubalozi wa Sweden mjini Baghdad ulivamiwa na kutiwa moto. Swali nililolisikia wakati ule, na ninalolisikia hadi leo, ni moja: kwa nini waziri hakupiga simu kwa mkuu wa polisi akamwambia hapana? Wengi wamejijibu wenyewe kwamba kama hakupiga, basi aliridhia.

Sivyo. Waziri wa Sweden haruhusiwi kupiga simu ya namna hiyo. Na ukitaka kuelewa kwa nini haruhusiwi, usianzie mwaka 2023. Anzia kwa Laila Freivalds, mwanasheria aliyepanda hadi kuwa Waziri wa Sheria, akajiuzulu, akarudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha akajiuzulu tena mwezi Machi 2006. Mara hiyo ya pili kilichomwondoa kilikuwa ni simu ya aina hii hii, iliyopigwa kutoka wizarani kwake, kuhusu jambo linalofanana mno na hili: michoro ya Mtume Muhammad.

Nimeisoma habari yake kwa muda mrefu, na naona inaeleweka vibaya hata na watu wanaoifahamu Sweden. Husimuliwa kama habari ya waziri mwenye bahati mbaya, au waziri asiyejali. Mimi naiona kuwa ndiyo njia nyepesi zaidi ya kuelewa dola inayompa waziri lawama nyingi na amri chache.

Freivalds alizaliwa Riga, Latvia, mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Familia yake ilikimbilia Sweden akiwa bado mdogo. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Uppsala, akafanya kazi mahakamani, kisha akaingia katika utumishi wa umma upande wa haki za walaji. Mwaka 1983 akawa mkurugenzi mkuu wa Konsumentverket, mamlaka ya serikali inayoshughulikia walaji, na papo hapo mtetezi rasmi wa walaji, mwenye uwezo wa kuishitaki kampuni inayodanganya katika matangazo yake au kuwafunga wateja kwa mikataba ya kinyonyaji. Alikaa hapo hadi 1988.

Kipindi hicho hupitiwa juu juu katika wasifu wake, lakini mimi nakiona ndiyo ufunguo. Maana kabla hajawa waziri, Freivalds aliishi upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mkuu wa mamlaka ambayo hakuna waziri aliyeweza kuiambia: kampuni hii iacheni, ile ifuateni.

Ukuta wenyewe umejengwa hivi. Wizara za Sweden ni ndogo. Kazi yake ni kuandaa miswada, bajeti na sera. Kazi ya kuihudumia na kuitawala nchi siku kwa siku inafanywa na mamlaka zaidi ya 300: polisi, idara ya kodi, idara ya uhamiaji, bima ya jamii, mamlaka ya barabara na reli. Kila moja ina mkuu wake, na yeye hawajibiki kwa waziri mmoja mmoja. Anawajibika kwa serikali nzima kwa pamoja, na kwa sheria. Hata Sida, shirika la Sweden la misaada ya maendeleo, ambayo jina lake wakazi wa mikoa ya kanda ya Ziwa nchini Tanzania walilizoea enzi za mradi wa maji wa HESAWA, ni mamlaka ya namna hiyo. Tumezoea kuiita "serikali ya Sweden", na si kosa kubwa, ila kwa Msweden mwenyewe Sida ni kitu kimoja na serikali ni kingine.

Mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1634, mfalme Gustav II Adolf akiwa amekufa vitani miaka miwili kabla na binti yake Kristina akiwa bado mtoto, Kansela Axel Oxenstierna aliiandikia nchi utaratibu wa kuongozwa na mabaraza yenye kazi zinazojulikana, ili dola isisimame kwa kukosa mtu mmoja. Kwa karne zilizofuata mazoea hayo yakakomaa, na Katiba ya sasa, iliyoanza kutumika mwaka 1975, imeyaweka wazi: hakuna chombo chochote, hata Bunge, kinachoruhusiwa kuamua jinsi mamlaka itakavyotoa uamuzi katika shauri moja moja linalohusu kumtumilia raia madaraka ya dola au kutekeleza sheria. Enzi za Freivalds kifungu hicho kilikuwa cha 7 katika sura ya 11. Leo kiko sura ya 12. Waziri anayekivunja husemwa kwamba amefanya ministerstyre, yaani utawala wa waziri, na katika siasa za Sweden neno hilo ni tusi.

Hapa watu wengi huchanganya, hata waandishi wa habari wa Ulaya. Katazo hilo halisemi kwamba serikali haiwezi kuziongoza mamlaka. Inaweza, na kwa nguvu kubwa. Serikali ndiyo inayowateua wakuu wake, ndiyo inayogawa fedha, ndiyo inayoandika kanuni, na kila mwaka huipelekea kila mamlaka barua ya maelekezo inayotaja malengo na matumizi. Lakini maamuzi hayo hufanywa na baraza zima, katika kikao cha kila Alhamisi kinachohitaji mawaziri wasiopungua watano. Kinachokatazwa ni mkono wa mwanasiasa kuingia kwenye faili la mtu mmoja. Msomaji aliyezoea kumwona waziri akifanya ziara ya kushtukiza, akimsimamisha kazi mkurugenzi mbele ya kamera na kuamuru mama fulani alipwe haki yake kabla ya jua kuzama, atauona utaratibu huu mkavu. Nami nakiri kwamba yule mama angefurahi zaidi na waziri wa namna hiyo. Lakini mkono unaoweza kulifungua faili la mama kwa wema ndio huo huo unaoweza kulifungua la jirani yake kwa chuki.

Freivalds aliitwa serikalini Oktoba 1988, na kiti alichokalia kilikuwa bado cha moto. Mwezi huo huo mwaka mmoja nyuma, Waziri wa Sheria Sten Wickbom alijiuzulu kwa sababu jasusi Stig Bergling, aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha, alitoroka aliporuhusiwa kwenda kumtembelea mke wake. Wickbom hakuwa na ufunguo wa gereza wala hakutia saini ruhusa ile, lakini alibeba dhamana ya kisiasa akaondoka. Aliyemfuata, Anna-Greta Leijon, aliondoka Juni 1988 kwa kosa la upande wa pili kabisa. Olof Palme, Waziri Mkuu ambaye Watanzania wa umri fulani wanamkumbuka kwa urafiki wake na Mwalimu Nyerere, alikuwa ameuawa kwa risasi barabarani Stockholm tarehe 28 Februari 1986, na polisi walikuwa hawajampata muuaji. Leijon akamwandikia barua ya utambulisho mchapishaji wa vitabu aitwaye Ebbe Carlsson, aliyekuwa akiendesha upelelezi wake binafsi pembeni ya polisi na waendesha mashtaka. Siri ilipofichuka, baada ya vifaa vya kunasia mazungumzo kukamatwa forodhani Helsingborg, hakuwa na pa kujitetea. Thage G. Peterson akashika nafasi kwa miezi michache, kisha akaja Freivalds. Mawaziri wa sheria wanne ndani ya mwaka mmoja.

Ni rahisi kuona kwa nini Waziri Mkuu Ingvar Carlsson alimtaka mtu kama yeye: mwanasheria mtulivu, aliyetoka kwenye utumishi na si kwenye makundi ya chama, anayejua mpaka uko wapi. Mwaka uliofuata mpaka ule ulipimwa mbele ya dunia nzima. Julai 1989 mahakama ya wilaya ilimhukumu Christer Pettersson kifungo cha maisha kwa kumuua Palme. Vuli ya mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikamwachia huru. Hebu fikiria: aliyeuawa ni kiongozi wa chama chako, mjane wake amemtambua mtuhumiwa, nchi inalia, na wewe ndiye Waziri wa Sheria. Wajibu wako ni kukaa kimya.

Chama chake kilishindwa uchaguzi wa 1991, kikarudi madarakani 1994 na yeye akarudi wizara ile ile. Hiki ndicho kipindi ambacho uwezo wake unaonekana kwa uzuri, maana ni kipindi cha kutunga sheria. Julai 1998 Sweden iliingiza katika sheria ya jinai kosa jipya kuhusu unyanyasaji wa wanawake majumbani. Kabla ya hapo, mwanamume aliyempiga mkewe kofi leo, akamtishia kesho na kuvunja simu yake wiki ijayo alikuwa na makosa madogo matatu, kila moja na adhabu yake ndogo. Sheria mpya ikasema matendo hayo yakijirudia ndani ya uhusiano yahesabiwe kuwa jambo moja, kosa zito, lenye adhabu nzito. Aliyewahi kukaa na dada au jirani anayeishi maisha hayo ataelewa mara moja uzito wa wazo hilo: sheria ilikubali kuyaona mateso kama anavyoyaona anayeteswa.

Na tarehe 1 Januari 1999 ikaanza sheria iliyoifanya Sweden izungumzwe dunia nzima, ya kwanza ya aina yake: kununua ngono ni kosa, kuuza si kosa. Adhabu inamwangukia mnunuzi. Norway na Iceland zilifuata 2009, Ufaransa 2016. Mjadala juu yake haujaisha na hapa si mahali pake. Ila sheria hizo hazikuwa za mtu mmoja. Zilitokana na miaka ya kazi ya tume na wabunge wanawake wa vyama mbalimbali, na Freivalds alikuwa Waziri wa Sheria zilipopitishwa. Hii ndiyo silaha halali ya waziri wa Sweden. Ni ya polepole, lakini ikishapiga imepiga.

Kujiuzulu kwake kwa kwanza, mwaka 2000, nitakupitia kwa haraka. Alikuwa akiishi katika nyumba ya kupanga mjini Stockholm, akataka igeuzwe kuwa ya kumilikiwa aweze kuinunua, wakati chama chake kilikuwa kikipinga vikali nyumba za kupanga zigeuzwe hivyo. Katika mji ambako watu husubiri kwa miaka kwenye foleni ya nyumba, jambo hilo liliuma. Nafasi yake ikachukuliwa na wakili, Thomas Bodström, ambaye pia alikuwa amewahi kucheza mpira ligi kuu na klabu ya AIK.

Mwaka 2003 Sweden ilimpoteza kiongozi mwingine kwa mkono wa muuaji. Waziri wa Mambo ya Nje Anna Lindh, aliyetazamiwa na wengi kuwa Waziri Mkuu siku moja, alichomwa kisu dukani katikati ya Stockholm tarehe 10 Septemba akafariki kesho yake. Oktoba, Waziri Mkuu Göran Persson akamwita Freivalds kutoka nje ya siasa ashike wizara ile.

Kilichobadilika siku hiyo, na ambacho nadhani hakikutazamwa vya kutosha, ni aina ya kiti. Wizara ya Sheria imezungukwa na ukuta niliouelezea: polisi wako nje yake, mahakama ziko nje yake, magereza yako nje yake. Wizara ya Mambo ya Nje haina ukuta huo. Balozi zote za Sweden ni sehemu yake. Balozi aliyeko Bangkok si mkuu wa mamlaka inayojitegemea, ni mtumishi aliye chini ya wizara. Waziri wa Mambo ya Nje anaweza kumpigia simu usiku wa manane, na wakati mwingine hana budi.

Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa nane usiku kwa saa za Stockholm, chini ya bahari karibu na Sumatra ardhi ilitetemeka. Mawimbi yaliyotokea yalivuka bahari nzima ya Hindi, yakaua watu Somalia na kufika hadi pwani za Kenya na Tanzania, lakini pigo kuu lilikuwa Indonesia, Sri Lanka, India na Thailand. Huko Thailand, kwenye fukwe za Khao Lak na Phuket, walikuwako maelfu ya Waswidi, familia kwa familia, waliokwenda kulikimbia baridi wakati wa Krismasi. Walikufa Waswidi 543. Kwa nchi iliyokuwa na watu milioni tisa hivi, huo ulikuwa msiba ulioingia karibu kila mtaa na kila shule.

Ilikuwa Jumapili, sikukuu ya pili ya Krismasi. Serikali ilikuwa imelala. Mtu aliyesikika mapema akiwaambia wananchi ukubwa wa janga hakuwa waziri bali Lottie Knutson, mkuu wa mawasiliano wa kampuni ya utalii ya Fritidsresor, na Waswidi wanamkumbuka kwa shukrani mpaka leo. Jioni ya siku hiyo Waziri wa Mambo ya Nje alikwenda kuangalia mchezo wa kuigiza. Wizarani alifika kesho yake.

Mchezo ule ulimfuata kila mahali. Kwa aliyekuwa akimtafuta mtoto wake kwenye orodha za hospitali za Thailand, lilikuwa jeraha lisilopona, na sina neno la kulipunguza. Lakini Tume ya Maafa iliyoongozwa na Johan Hirschfeldt, iliyotoa ripoti yake Desemba 2005, ilikwenda mbali zaidi ya mchezo. Ilionyesha kwamba ofisi za serikali hazikuwa na chombo cha kupokea taarifa ya dharura na kuifikisha kwa wenye kuamua. Lawama kuu ikawekwa kwa Waziri Mkuu Persson, aliyekuwa na dhamana ya jumla, na Freivalds akapata yake.

Waliotaka kumtetea wakati ule walisema dola ya Sweden haimpi waziri amri, kwa hiyo asihukumiwe kama aliyekuwa na amri. Hoja hiyo ingemfaa Wickbom mwaka 1987. Kwa Freivalds haikufaa, kwa sababu katika wizara ile amri alikuwa nayo. Angeweza kuamuru wafanyakazi warudi kazini sikukuu, ndege zikodiwe, maafisa wapelekwe Phuket usiku ule ule. Hakuna kifungu kilichomzuia. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni mazoea. Mtu aliyelelewa mahakamani na katika mamlaka huru hufundishwa kungoja faili lifike mezani likiwa limekamilika, kila upande umesikilizwa. Tabia hiyo inamfaa sana hakimu. Asubuhi ile faili halikufika, kwa sababu waliopaswa kuliandika walikuwa wamefunikwa na maji.

Kuna jambo jingine alilolirithi katika wizara ile. Desemba 2001, kabla hajaja, Wamisri wawili waliokuwa wakiomba hifadhi, Ahmed Agiza na Mohammed Alzery, walirudishwa Misri kwa ndege ya shirika la ujasusi la Marekani kutoka uwanja wa Bromma, wakiwa wamefungwa na kufunikwa nyuso, ingawa hatari ya kuteswa ilijulikana. Uamuzi ulikuwa wa serikali yenyewe, kwa sababu wakati ule mashauri yenye harufu ya usalama wa taifa yalipelekwa mezani kwa mawaziri. Televisheni ya TV4 ililifichua mwaka 2004, na mwaka 2005 kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso ikaamua kwamba Sweden ilivunja mkataba. Nalitaja kwa wale wanaouona ukuta ule kuwa ni ukiritimba mtupu: hapa faili la mtu mmoja mmoja liliwekwa mikononi mwa wanasiasa, na hayo ndiyo yaliyowapata watu wawili.

Sasa turudi kwenye simu ya 2006.

Septemba 2005 gazeti la Denmark, Jyllands-Posten, lilichapisha michoro ya Mtume. Mwanzoni mwa Februari 2006 hasira zililipuka. Ubalozi wa Denmark mjini Damascus ulichomwa moto, na ubalozi wa Sweden uliokuwa katika jengo hilo hilo ukaharibika. Siku hizo hizo Sverigedemokraterna, chama cha wapinga uhamiaji ambacho wakati huo kilikuwa kidogo na hakikuwa na hata mbunge mmoja, kikaweka michoro ya Mtume kwenye tovuti ya gazeti lake. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Wanadiplomasia wake walikuwa hatarini, na haikuwa hatari ya kubuni.

Afisa mmoja wa wizara akawasiliana na kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti ile, na polisi wa usalama nao wakawasiliana nayo. Tarehe 9 Februari kampuni ikaifunga tovuti. Freivalds alipoulizwa, alieleza kwamba afisa alitenda kwa hiari yake. Wiki chache baadaye ikabainika kwamba waziri mwenyewe alikuwa amejulishwa. Tarehe 21 Machi akajiuzulu.

Hapa ndipo pamekaa fundo, na nitalifungua polepole, maana hata Sweden kwenyewe mambo matatu yalisukwa yakawa moja. Wengi walisema kosa lake lilikuwa ministerstyre. Lakini ukikisoma kile kifungu, kinakataza kuielekeza mamlaka, na kampuni ya kuhifadhi tovuti si mamlaka, ni biashara binafsi. Kosa lilikuwa jingine, na kwa Mswidi ni zito zaidi. Mwaka 1766 Bunge la Sweden, likisukumwa na watu kama kasisi Anders Chydenius kutoka upande wa Finland, lilipitisha sheria ya uhuru wa magazeti, ya kwanza duniani. Sheria iliyoirithi, ambayo pamoja na dada yake ya mwaka 1991 inayohusu redio, televisheni na vyombo vingine ni sehemu ya Katiba, inaizuia dola kukagua au kuzuia maandishi kabla hayajatoka. Akosaye hushitakiwa baadaye, mahakamani, na kwa makosa yaliyotajwa tu. Mwakilishi wa dola akimwita mwenye seva na kumweleza hatari zilizopo, hata kwa sauti ya upole, hata bila kutoa amri, mwenye seva husikia nini? Husikia dola ikigonga mlango. Kampuni haina Katiba ya kuilinda kama mkuu wa polisi alivyo nayo. Itafunga tu.

Na juu ya hilo kuna jambo la tatu, lililomwangusha hasa: kutokusema yote. Sheria ile ile ya 1766 ndiyo iliyowapa raia haki ya kusoma nyaraka za serikali. Barua pepe ya afisa, kumbukumbu ya kikao, ratiba ya waziri, vyote vinaweza kuombwa. Kansela wa Haki, mwanasheria wa serikali anayekagua kama vyombo vya dola vinafuata sheria, alikuwa ameanza kuuliza maswali. Ipo pia Kamati ya Katiba ya Bunge, ambayo kila mwaka hupekua utendaji wa mawaziri na, tangu ile sakata ya Ebbe Carlsson mwaka 1988, imekuwa ikiwahoji hadharani, televisheni ikionyesha. Katika nchi ya namna hiyo kauli ya waziri hupimwa na karatasi, na mara hii haikulingana nayo.

Inaniuma kidogo kwamba mtu aliyejua sheria kuliko mawaziri wengi wa kizazi chake aliangukia hapo. Na naamini nia yake ilikuwa kulinda maisha ya watu. Naamini vilevile kwamba ilikuwa sawa aondoke. Tovuti ile ilikuwa ya watu wasiopendwa, na ndiyo sababu ilikuwa rahisi kuinyamazisha.

Nafasi yake ilichukuliwa Aprili 2006 na Jan Eliasson, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa Mei, Bodström naye akalaumiwa kwa ministerstyre, baada ya polisi kuvamia seva za Pirate Bay, tovuti ya kupata filamu na muziki bila idhini, kufuatia malalamiko ya Marekani. Septemba chama chao kikashindwa uchaguzi. Chama kile kidogo kiliingia bungeni mwaka 2010, na katika uchaguzi wa 2022 kikawa cha pili kwa ukubwa nchini.

Ndivyo ilivyokuwa hali mwaka 2023. Waziri wa Sheria alikuwa mwanasheria tena, Gunnar Strömmer. Februari mwaka huo polisi wenyewe walijaribu kukataa vibali vya mikutano ya kuchoma Msahafu, wakitaja usalama wa nchi. Aprili mahakama ya utawala ikatengua uamuzi wao, kwa sababu sheria ya mikutano ya hadhara inaruhusu kukataa kibali kwa hatari iliyopo mahali pa mkutano, na haizungumzii hatari iliyoko Baghdad. Mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwezi Juni. Siku ya Idi kibali kikatolewa. Strömmer hakuwa na namba ya kupiga. Agosti serikali ikaunda tume ya kuchunguza kama maneno ya sheria ile yanaweza kubadilishwa, ili polisi waruhusiwe kuutazama usalama wa taifa wanapotoa kibali. Tume ikapewa hadi Julai 2024.